Panga Sita na Mmoja

Kila Ijumaa, kabla jua halijafika dirishani,
nazishusha ukutani, mmoja mmoja,
nazipaka mafuta ya cherehani kwa kipande cha fulana yake,
na mikono yangu inanuka kazi ya Baba mpaka adhuhuri.

Alikuwa mshona magwanda, Sururu Farajala wa Bombo.
Hakuwahi kuwa afisa.
Alishona nyuzi za dhahabu mabegani mwa wengine,
akapima viuno vya wakubwa kwa futi ya kitambaa,
na pale kiunoni, upande wa kushoto,
ndipo jicho lake lilipoanza kutamani.

Hakutamani vita. Panga hizi hazikati.
Zilifuliwa ziende sambamba na bendi,
zimeremete, zisalimu, zirudi alani:
bapa kama kioo, makali butu kama ukingo wa sahani.
"Mwanangu," alisema, "huu ni ushanga wa wanaume."

Wa kwanza aliutoa Katwe, kwenye lundo la vyuma chakavu,
kati ya rimu ya baiskeli na miguu ya kitanda;
mwenye mizani akamuuzia kwa kilo.
Wa pili Soroti: mlinzi wa shule alikuwa akifyekea nyasi
na kulalamika kwamba haufyeki.
Wa tatu ulimgharimu mbuzi, saa ya mkononi,
na wiki nzima ya Mama kutosema naye.
Wa nne, wa tano, sikumbuki; nilikuwa na surua.
Wa sita umepinda kama mwezi wa siku tatu.
Akauita kitara, kwa Kiswahili chake cha kambini,
na Isingoma, Mnyoro, fundi wa redio, akashika mbavu:
"Kitara ni nchi yetu, Sururu!
Leo umeitundika msumarini?"
Wakacheka wote wawili hadi chai ikapoa.

Wa saba ndio niliotaka kuusema.

Mwaka wa sabini na tisa, usiku tulioikimbia Bombo,
Baba hakubeba cherehani.
Alichimba nyuma ya choo, chini ya migomba,
akazifunga zote saba katika gurbaba ya harusi ya Mama,
akamimina samli, kopo zima,
na Mama, aliyekuwa akihesabu watoto gizani, alitazama tu.
Akiba haiozi, wanasema.
Gurbaba ilioza.

Tuliporudi kutoka Sudani, miaka minane baadaye,
jembe liligonga chuma mara sita.
Baba aliendelea kuchimba hadi shimo likamfika kifuani.
Kisha akaja Nakibuule, jirani wa bondeni,
na kitu kirefu ndani ya jani la mgomba.
Hakuketi. Hakunywa maji.
Ulikuwa upanga, ila mpini umekwenda:
pembe na shaba vimeng'olewa,
pametiwa mti wa mvule, ukafungwa kwa waya.
Na makali! Yamenolewa jiweni mpaka bapa limekonda.
"Nilikuwa natafuta viazi," alisema, "nikaupata huu.
Nimemenyea ndizi. Nimekatia fito.
Nimechimbia makaburi mawili, mafupi.
Sikuiba."

Baba alikasirika, lazima niseme kweli.
Hakumpa mkono. Mwezi mzima alitafuta pembe
aurudishie mpini wake.
Kisha akaacha kutafuta, hakunieleza kwa nini,
akautundika ulivyo.

Jana kaja mnunuzi kutoka Kololo,
viatu vyeupe, kioo cha kukuzia mkononi.
Akasoma herufi zilizochorwa, akasifu, akataja pesa
za kutosha mabati na karo ya mihula mitatu.
Alipofika kwa ule wa mwisho akatikisa kichwa:
"Huu umeharibiwa. Huu nakuachia."

Nikamwambia angoje, chakula hakiko mbali.
Nikaushusha.
Nikakaa mkekani, mbele ya viatu vyake,
nikavuta mkungu, nikaanza kumenya.